Utumishi wa Pofu

Fomu inauliza jina la chombo.
Karani wa mafao, hatua chache kutoka Mnara wa Saa,
ananitazama juu ya miwani: "Meli? Moshi hii?"
Nyuma yake dirisha, na dirishani mlima
umejifunga wingu hadi kifuani.
Naandika: POFU. Uchukuzi wa jeshi, namba 417.
Pofu mnyama, kaka, si kilema,
ingawa rada yake ilikufa mwaka wa pili
na mabaharia wakaitania hivyo hivyo.

Ushahidi ninao. Daftari, jalada limeliwa na mende,
penseli ya mzee Ndekirwa, fundi injini,
aliyeteremka kutoka Kibosho kwa viatu vya kuazima,
hajui kuogelea, na hakujifunza kamwe.

*1971, Juni. Tumeipokea. Inanuka rangi na jasho la watu wengine.*
*1972. Saruji, Mafia. Saruji, Mafia. Saruji.*
*Magunia sita yamelowa. Sasa ni mawe sita.*
*1974. Mahindi ya njano, Lindi.*
*Tulipomaliza kushusha, kina mama wamefagia sitaha kwa viganja.*

Hapo penseli imekatika. Anaendelea kwa kalamu nyekundu:

*1975. Wageni, usiku. Hawana majina, wana buti mpya.*
*Tumeambiwa tusihesabu. Nimehesabu: mia moja na wanne.*
*1976. Wamerudi. Sikuhesabu.*
*1978, Aprili. Mafuriko. Wamepanda watu mia tatu arobaini,*
*wameshuka mia tatu arobaini na mmoja.*
*Mkunga aliazima wembe wangu. Sijaudai.*

Kisha ukurasa mzima, neno moja:

*1979. Rangi.*

Vita vilikuwa upande wa ziwa,
na meli haipandi Sekenke.
Wenzake walikwenda kwa malori, yeye akaachiwa brashi
na ubavu wa chuma mrefu kama msimu wa kiangazi.
Akapaka kijivu juu ya kijivu,
redio kwenye ndoo iliyopinduliwa, ikitaja miji.

Miaka baadaye, kilabuni kwa mama Ndeshi, Kiboriloni,
waliorudi waliisimulia Kagera,
kila mmoja na mto wake, kila mmoja na tope lake.
Mimi nimetumwa kumwita, nimesimama mlangoni.
"Na wewe, Ndekirwa, ulikuwa wapi?"
Akaizungusha kata ya mbege, akatazama povu.
"Kazini," akasema,
akampa jirani kata, bado imejaa.

*1986. Injini ya kushoto imegoma. Ya kulia inafanya kazi ya mjane.*
*1988, Oktoba. Wameiuza kwa kilo.*

Kurasa zilizobaki ni bei ya kahawa
na ada yangu ya shule, muhula kwa muhula.

"Kingine?" anauliza karani. "Picha? Cheti? Shahidi aliye hai?"
Kipo kingine, lakini hakibebeki.
Nyumbani, juu ya nguzo za matofali, kuna tangi la bati
alilolipaka kijivu mwaka aliorudi,
na ubavuni, kwa nyeupe, 417,
tarakimu zimenyooka kama gwaride.
Pofu ilitumikia miaka kumi na saba kuyazuia maji yasiingie;
hili linayapokea, masika yakishuka,
na halizami.
Kila jioni aliligonga kwa kifundo cha kidole,
sikio karibu, kama anayempima mgonjwa,
akaandika kwa chaki kwenye nguzo:
*Robo tatu. Salama.*

Karani amegonga muhuri. Siku tisini, nisubiri.
Nimepanda nyumbani kwa miguu, migombani giza limeshaingia.
Chaki yake ya mwisho bado ipo, chini ya ukingo ambapo mvua haifiki:
tarehe tatu, kisha mstari ambao mkono haukuumaliza.
Nimegonga. Chuma kimejibu kwa sauti nzito hadi kiunoni,
juu yake, sauti tupu.
Nimetafuta chaki.
*Nusu,* nimeandika. *Salama.*